Kupanda Si Kazi, Kazi Kutunza: Historia Fupi ya Miti ya Wote katika Kitale na Bungoma



Ni desturi ya kitabu cha taarifa ya mwaka kuanza na hesabu za fedha na kumaliza na majina ya viongozi. Baina ya hayo mawili hubaki nafasi ya kueleza jambo moja lihusulo manufaa ya watu wote. Safari hii tumeonelea vema kueleza habari za miti. Wala si miti ya shambani kwa mtu, ambayo mwenyewe huijua na kuilinda, bali ile isimamayo mahali pasipo pa mtu mmoja: kando ya barabara na katikati yake, mbele ya stesheni ya gari la moshi, katika viwanja vya mikutano, sokoni, na kwenye kingo za mito. Miti hiyo ni ya wote, na kwa sababu hiyo mara nyingi huwa kana kwamba haina mwenyewe.

Wahenga walisema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea." Mithali hii hutamkwa kwa ajili ya watoto, lakini yafaa sana kwa miti. Kupanda ni jambo la asubuhi moja, nalo hupigiwa makofi. Kutunza ni jambo la miaka mitatu au minne, nalo halipigiwi makofi na yeyote. Katika kurasa hizi twataka kuonyesha kwamba tangu zamani, katika nchi yetu, miti ya wote haikuishi kwa wingi wa miche iliyopandwa, bali kwa kuwapo watu waliokubali kwa hiari yao kuwa walezi wake. Na kwamba palipokosekana walezi, si miti tu iliyopotea, bali hata ardhi yenyewe.

MITI YA BARAZA

Kabla ya serikali ya kikoloni kufika chini ya Mlima Elgon, hapakuwa na afisa wa misitu. Hata hivyo palikuwa na miti ambayo hapana mtu aliyethubutu kuitia shoka. Wazee wa Kiluhya waujua murembe, ule mti wenye maua mekundu ambao watu wa pwani huuita mbamba ngoma; mbele yake watu waliapa katika mashauri mazito, na mwenye kuapa uwongo aliogopa mti kuliko alivyoogopa majirani zake. Waujua pia mukumu, aina ya mkuyu wenye kivuli kipana, ambao chini yake watu waliweza kukaa na kusema tangu asubuhi hata jioni.

Tuangalie vema siri ya ulinzi ule. Mti wa baraza haukuzungushiwa ua, wala haukuwekewa askari. Ulilindwa kwa sababu kila mtu alijua kazi yake: hapa ndipo mashauri yanapoamuliwa, hapa ndipo ndugu waliogombana wanapopatanishwa. Aliyekata tawi lake alikuwa amekata kitu cha kila nyumba. Kwa hiyo mti ulikuwa wa wote na wakati huo huo ulikuwa na wenyewe wengi. Jambo hili ndilo tulilolipoteza baadaye, na ndilo tunalolitafuta leo.

MITI YA AMRI

Reli ilileta miji, na miji ikaleta miti mipya. Njia ndogo ya reli itokayo Leseru ilifika Kitale mwaka 1926. Nayo njia kubwa ya kwenda Uganda ilipita Bungoma, ikafika Kampala mwaka 1931. Katika miaka ile ya mwanzo magari ya moshi ya Kenya yalichoma kuni, na mikaratusi kutoka Australia ilipandwa kwa wingi kwa ajili ya haja hiyo. Mijakaranda ya Amerika ya Kusini nayo ilipandwa katika miji mingi ya nyanda za juu, ipendezeshe njia na maofisi.

Ama mikono iliyochimba mashimo na kubeba maji ilikuwa mikono ya Waafrika, waliofanya kazi kwa ujira mdogo. Nchi ya Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengwa kwa Wazungu, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwafrika aliishi humo kama mfanyakazi au mkaaji wa kuruhusiwa tu. Si ajabu, basi, ikiwa mtu aliyenyweshea maji mti wa mji ambao haukuwa mji wake hakuuhesabu mti ule kuwa wake.

Upande wa mashambani mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika miaka ya 1940 serikali ilitoa amri nyingi juu ya udongo na mimea: kuchimba matuta, kung'oa magugu, kufanya kazi za pamoja kwa siku zilizowekwa na chifu. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na faida kwa udongo. Lakini zilikuja kwa ukali na faini. Mwaka 1944 Elijah Masinde, mtu wa upande wa Kimilili, aliongoza upinzani dhidi ya amri za serikali, akatiwa gerezani. Huko Murang'a mwaka 1948 akina mama walikataa kuendelea na kazi ya matuta. Katika mambo hayo mlikuwa na siasa na dini na uchungu wa ardhi, wala si haki kuyapunguza yote yawe ugomvi wa mimea. Lakini funzo moja ni wazi: kazi njema ikifanywa kwa kiboko huchukiwa pamoja na kiboko chenyewe. Matuta mengi yaliyochimbwa kwa amri yaliachwa yabomoke mara tu macho ya chifu yalipogeuka.

AHADI YENYE NUSU MBILI

Hata hivyo, ndani ya wakati ule ule wa ukoloni, palizuka njia nyingine. Mwaka 1922, huko Muguga katika nchi ya Kikuyu, afisa wa misitu jina lake Richard St. Barbe Baker, akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, aliwaalika vijana kwenye ngoma maalumu, ngoma ya miti. Wakakusanyika vijana kwa maelfu. Wakatakiwa wajitokeze wale walio tayari kujitolea, na kutoka kwao wakachaguliwa 50 wawe wa kwanza. Chama hicho kiliitwa Watu wa Miti, na kwa Kiingereza kikajulikana kwa jina la Men of the Trees. Baadaye kilienea katika nchi nyingi za ulimwengu.

Ahadi ya Watu wa Miti yastahili kukumbukwa. Kila mmoja aliahidi kupanda miti 10 kila mwaka, na kuitunza miti kila mahali. Nusu ya kwanza ya ahadi ina hesabu, mtu aweza kusema, "Nimemaliza." Nusu ya pili haina hesabu wala mwisho, nayo haisemi "miti yangu" bali "miti kila mahali." Twaona kwamba katika miaka 100 iliyofuata, watu waliishika sana nusu ya kwanza, wakaisahau ya pili.

Mwaka uliofuata, 1923, katika nchi ya Nyanza ambayo wakati ule ilichukua pia Bungoma yetu, Archdeacon Walter Owen aliwaongoza wenyeji kuunda chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo. Kabla yake, mwaka 1921, vijana waliosoma katika shule za misheni walikuwa wamekwisha unda chama chao cha kudai haki juu ya kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Chini ya Owen chama kilichukua pia kazi za nyumbani: usafi, vyoo, kuua panya, kupanda miti. Wako waliosema kwamba kazi hizo zilikusudiwa kuwapoza watu waache siasa. Na huenda shutuma hiyo haikukosa ukweli. Lakini sisi tulio katika chama cha ustawi leo tukumbuke kwamba kazi ya miti haikuingia katika vyama kama chetu jana. Imekuwamo tangu mwanzo, bega kwa bega na madai ya haki.

Pana mfano mmoja zaidi wa zamani ambao wazee wengi wa Trans Nzoia na Mlima Elgon wanaujua kwa mikono yao wenyewe. Tangu mwaka 1910 idara ya misitu ilitumia njia iliyoitwa mfumo wa shamba. Mtu alipewa kipande katika msitu uliokwisha katwa, akalima mahindi na maharagwe, na katikati ya mimea yake ikapandwa miche ya miti ya mbao. Alipopalilia mahindi alipalilia na mche. Alipofukuza wanyama waharibifu aliulinda na mche. Baada ya miaka michache kivuli kilifunga, mahindi hayakuota tena, na mtu akahamia kipande kingine. Mfumo huo ulikuwa na dhuluma zake, maana mkulima hakuwa na haki juu ya ardhi wala juu ya mbao. Baadaye pia uliharibiwa na watu waliolima bila kutunza miti, na serikali ikaupiga marufuku katika miaka ya 1980. Ulirudishwa kwa sura mpya baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2005. Lakini ulithibitisha jambo moja: mche uliokuwa na mtu apitaye kila siku uliishi.

MITI SABA YA KAMUKUNJI

Tulipopata uhuru mwaka 1963, neno la taifa lilikuwa Harambee, na kwa neno hilo shule na zahanati nyingi zilijengwa. Miti nayo ilipata harambee yake. Tarehe 5 Juni 1977, siku ya mazingira ulimwenguni, Profesa Wangari Maathai pamoja na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kila mti uliheshimu shujaa mmoja wa watu wa Kenya; na mmoja kati ya hao saba alikuwa Nabongo Mumia wa Wanga, jirani na jamaa yetu. Huo ndio mwanzo wa chama kilichokuja kujulikana kwa jina la Green Belt Movement, na mwaka 2004 Profesa Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Watu husimulia mwanzo huo na tuzo hiyo, lakini huruka habari iliyo katikati, nayo ndiyo yenye mafunzo. Mingi ya miti ile saba haikuishi. Sherehe ilikuwapo, viongozi walikuwapo, majina ya mashujaa yalikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuja na debe la maji baada ya wageni kwenda zao. Jina la Nabongo haliwezi kunyweshea mti maji.

Baada ya mambo hayo akina mama wa chama kile walibadili njia. Waliacha kutegemea sherehe, wakaanzisha vitalu vyao vijijini, wakaotesha mbegu kwa akili ya ukulima waliyokuwa nayo tayari. Na malipo madogo waliyopewa hayakuhesabiwa kwa kila mche uliotiwa ardhini, bali kwa kila mche uliothibitika kuwa hai baada ya miezi kadhaa. Badiliko hilo, ambalo kwa macho ni dogo, ndilo lililoleta mamilioni ya miti. Aliyelipwa kwa kupanda alipanda. Aliyelipwa kwa uhai alilea.

YALIYOTOKEA KWETU

Kwetu pia hatukukosa mifano. Mwaka 1926, mwaka ule ule reli ilipofika Kitale, mlowezi mmoja jina lake Kanali Hugh Stoneham alianza nyumba ya makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka 1966 mali zake za makumbusho ziliachiwa taifa, na mwaka 1974 Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa kwa watu wote. Pamoja na vitu vya kale, makumbusho hayo yalihifadhi kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembelea. Mtoto wa shule aliyeingia humo aliweza kuona jinsi nchi ilivyokuwa kabla ya shamba la mahindi na kabla ya mji. Mwaka huo huo wa 1974 bwawa la Saiwa, lisilo mbali na Kitale, likafanywa mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote katika Kenya, kilometa za mraba 3 tu, kwa ajili ya kumlinda nzohe, swala wa majini. Udogo wa mahali hivyo viwili wathibitisha kwamba kipande kidogo kinacholindwa chafaa kuliko eneo kubwa lisilo na mlinzi.

Mwaka 1983 wasomaji wa gazeti la Vi la Uswidi walichanga fedha ili miti ipandwe katika nchi ya Pokot Magharibi, na kazi hiyo ikawa na makao yake Kitale. Karibu na makumbusho kikajengwa kituo cha kilimo-misitu kilichoitwa kwa jina la Olof Palme, waziri mkuu wa Uswidi aliyeuawa mwaka 1986. Mwanzoni watu wa Vi waliotesha miche katika vitalu vikubwa na kuigawa. Baadaye waliona kwamba mche wa kugawiwa hauna uchungu, wakageuka kuwafundisha wakulima kukusanya mbegu na kuotesha wenyewe. Huko Chepareria, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wafugaji waliokuwa wameona ardhi yao ikigeuka vumbi waliizungushia nyua za miti hai, wakazuia mifugo kwa majira fulani, na majani yakarudi. Humo mengi hayakupandwa hata kidogo. Yalilindwa tu, yakaota yenyewe.

Bungoma nayo ilifanywa makao ya wilaya ya Elgon Nyanza ilipoundwa mwaka 1956, na tangu hapo mji umekua kuliko ilivyotarajiwa. Mji ukikua, kivuli hupungua. Barabara ikipanuliwa, mti wa kando ndio wa kwanza kuondoka. Kibanda kikijengwa, mti hufanywa nguzo, kisha kuni.

MTI NI SHAHIDI WA MPAKA

Sasa twafika kwenye jambo zito kuliko kivuli na uzuri. Mwaka 2003 serikali iliunda tume chini ya Bwana Paul Ndung'u kuchunguza ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 2004. Ilionekana kwamba misitu, viwanja vya shule, bustani za miji, hata vipande vilivyotengwa kwa ajili ya barabara, vilikuwa vimeandikwa majina ya watu binafsi. Wezi wa ardhi hawakuanza na mahali palipotunzwa. Walianza na mahali palipoonekana pameachwa. Kiwanja chenye magugu na takataka chapendeza macho ya mnyakuzi, kwa kuwa ajua kwamba hapana atakayeuliza.

Kinyume chake, mahali penye walezi hupiganiwa. Bustani ya Jeevanjee katika Nairobi, iliyotolewa kwa watu wa mji mwaka 1906, ilitakiwa kugeuzwa mwaka 1991. Bi Zarina Patel, mjukuu wa yule aliyeitoa, pamoja na raia wengine, walipinga, na bustani ikabaki. Mwaka 1989 Profesa Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, akatukanwa hadharani, lakini jumba halikujengwa. Tarehe 8 Januari 1999 alipigwa akajeruhiwa penye msitu wa Karura, alipokuwa amekwenda na wenzake kupanda miti katika ardhi iliyokuwa imegawiwa. Tangu mwaka 2009 marafiki wa msitu huo walijiunga kuutunza pamoja na idara ya misitu, na mahali palipokuwa pa kuogopwa pakawa pa matembezi ya jamaa na watoto. Mwaka 2020 nao, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa Nairobi, mkuyu mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way ulipangiwa kung'olewa. Watu walipaza sauti, na serikali ikaamuru usiguswe. Mkuyu huo, ambao Wakikuyu huuita mugumo, ni ndugu wa mukumu wetu. Wala haukuokolewa na thamani ya mbao zake, bali na watu walioona kwamba ni wao.

Tunayataja mambo ya Nairobi si kwa kusahau kwetu, bali kwa sababu yametangulia kule na yatakuja huku. Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba barabara na mito ni ardhi ya umma. Lakini katiba haitembei usiku kulinda mpaka. Mstari wa miti iliyopaliliwa, inayojulikana na majirani kwa idadi yake, ni shahidi ambaye hahongeki kwa urahisi. Akiondolewa shahidi mmoja, watu watauliza.

SIKU YA KUPANDA NA SIKU ZA BAADAYE

Mwezi Desemba 2022 serikali ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa sikukuu ya kupanda miti, lengo likiwa miti milioni 100. Ni jambo la kusifiwa kwamba taifa zima liliambiwa lishike jembe. Hata hivyo sisi wa Kitale na Bungoma tuangalie majira yetu. Katikati ya Novemba mvua za vuli hunyesha upande wa mashariki ya nchi. Kwetu huwa ndio mwisho wa masika yetu marefu, na mbele yake hukaa ukavu wa Desemba, Januari na Februari. Mche uliotiwa ardhini Novemba huingia kiangazi ukiwa bado haujashika mizizi, na usiponyweshewa hufa kabla ya mvua za mwisho wa Machi. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hapandi mahindi yake Novemba. Kwa nini apande mti wa wote wakati ambao hangepanda cha kwake?

Tena mti wa barabarani una adui ambao mti wa shambani hauna. Mbuzi aliyefunguliwa asubuhi huula ncha. Mwendesha pikipiki huegesha juu ya shina. Mwenye duka huchoma takataka chini yake. Udongo wa katikati ya barabara umeshindiliwa kwa mashine, hauna rutuba, na joto la lami huukausha. Kwa sababu hizo mche mmoja wa barabarani hutaka matunzo ya miche mitatu ya shambani.

Kwa hiyo, tukifuata mafunzo ya historia hii, twawaletea wanachama mashauri machache ya kufikiriwa katika mkutano wa mwaka.

Kwanza, ruhusa. Barabara zina wenyewe kwa sheria ya mwaka 2007: mamlaka ya barabara kuu, ya barabara za mijini, na ya barabara za mashambani, na mji una serikali ya kaunti. Chama kiandike barua kabla ya kuchimba shimo, ili mti usije ukang'olewa kwa haki. Karatasi hiyo itunzwe, maana siku mnyakuzi atakapokuja, itakuwa ya kwanza kuulizwa.

Pili, uchache. Afadhali miti 40 yenye walezi kuliko 400 yenye picha.

Tatu, uchaguzi. Karibu na maji na mitaro tusipande mikaratusi, kwa kuwa hunywa maji mengi; chini ya nyaya za umeme tusipande miti mirefu; katika njia panda tusizibe macho ya madereva. Tuikumbuke miti ya nchi yetu: lusiola, mringaringa, kibobakasi chenye maua kama moto, na murembe wa wazee. Mti ambao mzee aweza kumweleza mjukuu habari zake una walinzi wawili tayari.

Nne, majira na mikono. Tupande mvua za kwanza zilipokwisha loweka ardhi, mwezi wa Aprili. Shimo liwe pana na lenye kina, udongo wa juu uchanganywe na samadi, mche uzungushiwe miiba au fito, na shina lifunikwe majani makavu ili unyevu usitoroke. Wakati wa kiangazi maji yatiwe jioni, polepole, mara mbili kwa juma. Wenye vibanda na waendesha pikipiki wa mahali hapo wasifukuzwe; waombwe wawe walezi, maana wao ndio wanaokaa hapo mchana kutwa, na kivuli kitakuwa chao kabla ya kuwa cha mtu mwingine. "Mchumia juani hulia kivulini". Na kivuli hiki hupatikana kwa kuchumia kweli.

Tano, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mti upewe namba, na kila namba iandikiwe jina la mlezi mmoja, si kamati. Kamati haipiti njiani na debe. Mlezi akisafiri au akiugua, aseme, akabidhi kwa mwingine, na jina libadilishwe.

Yako maneno ya kupinga mashauri haya, nayo yana uzito. Mwanachama aweza kusema kwamba kutunza barabara ni kazi ya serikali inayolipwa kwa kodi zetu, na kwamba tukijitolea tutaipa nafasi ya kulala. Neno hilo lina haki yake. Vyama vya wazee wetu vilianza kwa kudai haki juu ya kodi. Lakini mwenye kutunza ndiye awezaye kudai kwa sauti kubwa. Chama chenye daftari la miti 40 na barua ya ruhusa chaweza kwenda mbele ya kaunti na kuuliza: ziko wapi fedha za bustani, uko wapi bomba la maji, nani ameamuru ukanda huu ukatwe? Asiyetunza atauliza kwa niaba ya nini?

Mwingine aweza kusema kwamba wazee hawataona kivuli cha miti hii. Ni kweli kwa baadhi yetu. Lakini hakuna mzee wa Kiluhya aliyeketi chini ya mukumu alioupanda mwenyewe. Aliketi chini ya mti aliolelewa na watu asiowajua, naye akauacha ukiwa hai kwa watu asiowajua.

Tunapendekeza, basi, kwamba taarifa ya mwaka ujao isitaje idadi ya miti itakayopandwa. Itaje hesabu moja tu: miti iliyo hai mwezi wa Machi, mwisho wa kiangazi, pamoja na namba zake na majina ya walezi wake, na kwa mti uliokufa iandikwe sababu yake, bila kumwonea mtu haya. Hesabu hiyo ichapwe katika ukurasa huo huo wa hesabu za fedha, kwa kuwa nayo ni mali ya chama, na ni mali ya wote.